Bonanza: kwa nini kina Cartwright walivaa nguo zilezile miaka nenda rudi

Ukikaa chini ukaangalia kwa mpigo episodi nne tano za Bonanza, ile tamthilia ya zamani ya makaboi ya TV ya Marekani, anzia popote unapotaka ilimradi iwe sizoni ya 3 kwenda mbele, kuna kitu utakiona na ukishakiona ndio basi tena, kila ukiangalia jicho linaenda hapohapo. Hawa jamaa hawabadilishi nguo. Mzee Ben Cartwright ana shati lake la rangi ya mchanga, kizibao cha ngozi cha kahawia na suruali ya kijivu. Adam, mtoto mkubwa, mweusi tii kuanzia kofia mpaka suruali. Hoss, mtoto wa kati, yule jitu la miraba minne, shati jeupe na kizibao cha kahawia na lile likofia lake lililopanda juu. Little Joe, mtoto wa mwisho, ana koti lake la kijani. Wiki hii wanazika mtu, wiki ijayo wanafukuza wezi wa ng'ombe, mwaka unaisha mwingine unaanza, koti ni lilelile la kijani. Na hawa si watu wa kukosa hela ya nguo, kwenye hadithi ndio familia tajiri kuliko zote eneo lile la Nevada!

Wengi hili wanaliweka kwenye fungu la makosa ya Bonanza, pamoja na ramani iliyokaa upande na bastola ambazo zilikuwa hazijatengenezwa bado. Mimi nimeipenda hii tamthilia na naomba nitofautiane nao. Nguo hazikuwa kosa hata kidogo, ulikuwa uamuzi wa hesabu, tena uamuzi wa watu wenye akili sana, na ukishauelewa huo uamuzi ndio unaanza kuelewa yale makosa mengine yalitoka wapi na kwa nini hakuna aliyehangaika kuyarekebisha. Kwahiyo nitaanza na hela.

Bonanza ilianza kuonyeshwa kwenye stesheni ya NBC tarehe 12 Septemba 1959, Jumamosi saa moja na nusu jioni. Prodyuza wake ni David Dortort. Wakati huo TV ya Marekani imejaa makaboi, kila stesheni ina zake, sasa ili uonekane lazima uje na kitu ambacho wenzako hawana, na Bonanza ilikuja na rangi. Mwaka 1959 kurekodi mfululizo mzima wa kila wiki kwa rangi, tena wa saa nzima, ilikuwa ni gharama ya kutisha. Episodi moja ilikuwa inakula kama dola laki moja mpaka laki moja na nusu, hela ya mwaka ule siyo ya leo. Na watazamaji mwanzoni hawakuja kwa wingi, maana saa ileile CBS walikuwa na Perry Mason, yule wakili, na watu walikuwa wanamfuata yeye.

Kwa kawaida kitu cha bei mbaya ambacho hakina watazamaji kinakatwa fasta. Kilichoiokoa Bonanza ni kwamba NBC ilikuwa mali ya RCA, na RCA ndio waliokuwa wanatengeneza TV za rangi. Unamwambiaje mtu anunue TV ya rangi kama hakuna cha rangi cha kuangalia? Lile ziwa Tahoe la bluu na misonobari na milima yenye theluji na hilo koti la kijani la Joe, vyote vilikuwa vinauza TV. RCA wakavumilia. Halafu Septemba 1961 wakaihamishia Jumapili saa tatu usiku, mdhamini akawa Chevrolet, na hapo ndio mambo yakafunguka, kuanzia 1964 mpaka 1967 ikawa namba moja Marekani nzima.

Sasa angalia mazingira ya huyu prodyuza. Ana kipindi cha bei mbaya, amepona kukatwa kwa tundu la sindano, na anatakiwa atoe episodi 30 na zaidi kila msimu, kila moja ni kama filamu fupi yenye farasi, ngumi, risasi na mandhari. Hadithi inasema ranchi yao, Ponderosa, iko kandokando ya ziwa Tahoe, waigizaji na studio wako Los Angeles kwenye viwanja vya Paramount, na kutoka hapo mpaka Tahoe kwa barabara ni zaidi ya kilomita 700. Huwezi kubeba farasi, kamera, taa, wapishi na mastaa wanne kila wiki kwenda kupiga picha ya watu wanaoendesha farasi kwa sekunde 12. Hela haitoshi na muda ndio kabisa.

Dawa yake ikawa kwamba unaenda Tahoe mara chache, unapiga picha nyingi sana za hawa watu wanne wanakimbiza farasi, wanapanda mlima, wanashuka, wanapita kando ya ziwa, wanavuka kijito, kutoka kulia kwenda kushoto na kutoka kushoto kwenda kulia, halafu unazihifadhi. Skripti ikisema "Joe anakimbilia mjini" huendi kokote, unafungua stoo unachomoa Joe anakimbia unabandika. Ila hii dawa ina sharti moja tu na halina mjadala: Joe wa kwenye stoo na Joe aliyerekodiwa jana studio lazima wafanane. Kofia hiyohiyo, koti hilohilo, farasi huyohuyo. Kuanzia sizoni ya 3 ndio nguo zikafungwa hivyo kwa karibu kila mhusika wa kudumu, na kwenye episodi nyingi mno hazikuguswa tena.

Na naona kuna faida ya pili ambayo watu hawaizungumzii. Picha ya mbali haionyeshi sura. Ukishampa kila mtu rangi yake, mtazamaji anamtambua kwa rangi, yule mweusi ni Adam, yule mkubwa mwenye kofia ndefu ni Hoss, na maana yake anayeendesha huyo farasi si lazima awe Michael Landon, mwigizaji wa Little Joe, mwenyewe. Mpe koti la kijani yule kijana anayeigiza badala yake kwenye mambo ya hatari, mpandishe farasi wa mabaka, mwambie ainamishe kichwa, na nchi nzima inaapa imemuona Little Joe. Kuna kazi hapa ya watu ambao majina yao hayakung'aa kabisa na ambao walivunjika mbavu ili sisi tufurahi, na walivaa hizo rangi kama mastaa wenyewe.

Ukitaka kulinasa hili kwa macho yako chagua kipande chochote ambacho mtu anatoka nyumbani kwa farasi kwenda safari. Akiwa uani anapanda farasi angalia nyuma ya tandiko, kuna blanketi limekunjwa au hakuna? Halafu picha inakatwa, unamuona mbali kwenye mteremko wa Tahoe, angalia tena tandiko. Mara nyingine mzigo umeota, mara nyingine umepotea. Kivuli pia, uani kinaonyesha mwanga unatoka zaidi ya upande mmoja kwasababu ule uwanja wa mbele ya nyumba ulijengwa ndani ya studio, zile ni taa, halafu ghafla yuko kwenye jua la kweli la Nevada na kivuli ni kimoja, kirefu, na kimelala upande mwingine kabisa. Zile kambi za usiku wamekaa kwenye moto wanakunywa kahawa nazo nyingi ni za ndani, miti ya nyuma ni pazia lililochorwa. Na farasi wa Joe, Cochise, ni pinto wa mabaka meupe na meusi, na mabaka ya pinto hayafanani kwa farasi wawili, sasa walitumika farasi zaidi ya mmoja miaka yote hiyo, ukisimamisha picha kwenye bega la farasi utaona ramani ya mabaka imebadilika.

Hayo ndio makosa yanayozaliwa moja kwa moja na ule uamuzi, na ukipiga hesabu bado Dortort alikuwa sahihi. Mtu wa 1962 anaangalia mara moja, Jumapili, hana namna ya kurudisha nyuma wala kusimamisha. Kilichomfikia ni Joe anakimbia, muziki unapigwa, basi.

Ila sasa kuna kitu nguo hazikuweza kukifanya. Zinafanana mwaka hadi mwaka lakini aliyezivaa anazeeka, na hapa ndio kisa kinakuwa kitamu. Kama koti la 1968 ni sawa na la 1962, mtazamaji hana cha kumwambia miaka sita imepita isipokuwa sura na nywele. Kwahiyo nywele nazo zikabidi zishikiliwe palepale. Lorne Greene aliyecheza baba alianza na kipande cha nywele za bandia mbele, na hicho alikuwa anakivaa hata kwenye maisha yake ya kawaida. Pernell Roberts aliyecheza Adam alikuwa na kipara na alivaa wigi tangu mwanzo, na hakulipenda, hata mazoezini alikuwa hataki kulivaa. Dan Blocker, yaani Hoss, aliingia na nywele zake lakini zikawa zinamuaga, na mwaka 1968 naye akavalishwa. Victor Sen Yung aliyecheza Hop Sing, mpishi Mchina, ule msuko wake mrefu wa nyuma ulikuwa umebandikwa. Ukimwondoa Landon basi kila mwigizaji wa mwanzo mezani pale Ponderosa kuna wakati alibandikwa kitu kichwani, ingawa si wote usiku mmoja, maana Blocker anavalishwa Roberts alishaondoka.

Umri ndio usiseme. Lorne Greene alizaliwa Februari 1915, Pernell Roberts alizaliwa Mei 1928. Baba na mtoto wake wa kwanza wamepishana miaka 13. Blocker alizaliwa Desemba 1928, yaani Adam na Hoss kwenye hadithi wamepishana miaka kadhaa na mama tofauti, kwenye maisha wamepishana miezi saba. Landon ni wa Oktoba 1936, ndio pekee ambaye angeweza kweli kuwa mtoto wa yule mzee. Na watu walimeza bila shida, kwasababu Greene alikuwa na ile sauti nzito, Kanada vita vikipiganwa alikuwa anasoma habari redioni na watu wakampa jina la Sauti ya Maangamizi. Sauti ile ikikuita mwanangu unaitika tu hata kama mmepishana miaka 13.

Kuna episodi tatu ambazo kila mpenzi wa Bonanza inabidi aziangalie kwa jicho hili, zile za kurudi nyuma kueleza wake watatu wa Ben waliokufa, kila mmoja alimwachia mtoto mmoja wa kiume. Ya Elizabeth mama wa Adam ilitoka 1961, ya Inger mama wa Hoss 1962, ya Marie mama wa Joe 1963. Elizabeth amechezwa na Geraldine Brooks, aliyezaliwa 1925, miaka mitatu tu juu ya Pernell Roberts ambaye ndio "mwanaye". Marie amechezwa na Felicia Farr wa 1932, miaka minne juu ya Landon. Inger sasa ndio balaa, amechezwa na Inga Swenson, wa Desemba 1932. Dan Blocker ni wa 1928. Mama ni mdogo kwa miaka minne kwa mtoto! Na pamoja na hayo ile episodi ya Inger inakukamata, namna Ben anavyozunguka na kitoto Adam hana kitu mfukoni na yule dada wa Kiswidi anamwonea huruma, unasahau hesabu yote. Mimi hilo silihesabu kama kosa la uzembe. Wakati wa simulizi Hoss mtu mzima hayupo pale, hawasimami pamoja, kwahiyo picha haiwaumbui, anayewaumbua ni mtu aliyeenda kutafuta tarehe za kuzaliwa.

Ramani ni habari nyingine. Kila mtu anaijua ile ramani ya mwanzo, Ponderosa katikati, moto unaanza katikati unaila mpaka nje, halafu wanatokea wale wapanda farasi na ule muziki wa Jay Livingston na Ray Evans. Ilichorwa na Robert Temple Ayres. Ina shida moja kubwa kwa mtu anayelijua eneo: imekaa upande. Sote tumezoea kaskazini iko juu, na uhalisia wake ni kwamba Reno iko kaskazini, Carson City iko kusini, Virginia City iko mashariki na ziwa Tahoe liko magharibi. Kwenye mchoro ukiuangalia kwa mazoea hivyo vitu havikai hivyo kabisa. Lilipogundulika mchoro umeshakamilika na ni mzuri, ungefanyaje, unachora upya? Dortort akaamua ramani ibaki, ila dira iliyochorwa juu yake irekebishwe, kaskazini isielekee juu tena bali ipinde kushoto. Tatizo likaisha kwa mshale mmoja. Akili ileile ya nguo. Kitu kilichopo kinafanya kazi, usikiguse, rekebisha kidogo pale panapohitajika hela zibaki zifanye kazi nyingine. Ule mchoro Dortort aliutundika ofisini kwake miaka mingi na sasa uko makumbusho ya Autry, Los Angeles.

Kwahiyo dira imepona, lakini ranchi yenyewe haiponi. Tunaambiwa Ponderosa ni maili za mraba 1,000, kama kilomita za mraba 2,590, kubwa kuliko kisiwa chote cha Unguja. Na iko ufukwe wa mashariki wa Tahoe. Ziwa lenyewe urefu wake ni kama kilomita 35 kaskazini kwenda kusini. Tuseme Ben amemiliki ufukwe wote wa mashariki bila kumwachia mtu hata kipande, ili apate hizo maili 1,000 inabidi aende mashariki kilomita 74. Virginia City kutoka kona ya kaskazini mashariki ya ziwa ni kama kilomita 25 tu kwa mstari ulionyooka! Maana yake mji wa Carson City uko ndani ya shamba lake, Virginia City na migodi ya fedha ya Comstock iko ndani au pembeni kabisa ya shamba lake, na bado anaendelea kwenda jangwani. Huyo mtu hakuwa na haja ya kuuza mbao kwa wachimba migodi, angewadai kodi.

Na hizo kilomita 25 ni za ndege. Kwa farasi kuna milima ya Carson katikati, unapanda, unashuka bonde la Washoe, unapanda tena mpaka Virginia City, kwenda na kurudi siku imeisha na farasi amechoka. Lakini Hoss anatumwa mjini asubuhi kufuata kitu dukani, anakutana na matatizo, anapigana baa, anafungwa, anatolewa, na jioni yuko mezani anaomba aongezewe viazi. Hapa sasa ndio zile picha za stoo zinafanya kosa kubwa kuliko la kivuli, maana sekunde 12 za kukimbiza farasi zilikuwa zinaliondoa lile tatizo la umbali kichwani mwa mtazamaji. Akiona anakimbia, anaona amefika. Bila hizo picha waandishi wangelazimika kufikiria safari, wangelala wapi, nani anabaki nyumbani. Zilipatikana bure, wakazoea.

Bastola nizipitie haraka kwasababu hili ni kosa la makaboi wote wa enzi ile, si la Bonanza peke yake. Hadithi ni ya miaka ya 1860, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinatajwa, Nevada inakuwa jimbo mwaka 1864, na kina Cartwright wamevaa viunoni Colt ya mwaka 1873 na mikanda imejaa risasi za ganda. Mtu wa 1861 alikuwa na bastola ya kujaza baruti, kila tundu unamwaga baruti, unashindilia risasi ya mviringo, unaweka fataki nyuma, dakika kadhaa kabla hujawa tayari tena. Ukiwapa bastola hiyo nusu ya mapambano ya Bonanza hayawezekani. Halafu ghala za studio zilikuwa na Colt za 1873 nyingi zinazopiga risasi tupu bila matatizo, kwahiyo nani atakwenda kutengeneza nyingine.

Mpaka hapa mfumo unafanya kazi. Ukavunjika mwaka 1965, na aliyeuvunja ni Pernell Roberts.

Roberts alitoka jukwaani, mtu wa Shakespeare, na alichokuwa anakililia hakikuwa nguo, ila ukisikiliza vizuri ni kitu kilekile. Alisema hadharani kwamba ni upuuzi wanaume watu wazima watatu wanaishi kwa baba yao na kila jambo lazima waombe ruhusa. Adam ana zaidi ya miaka 30, amesoma, ndiye aliyeichora ile nyumba kwenye hadithi, lakini haoi, hahami, hajengi kwake, hakui. Na hawezi kukua, kwasababu mfumo wote umejengwa juu ya mtu asiyebadilika. Mtu aliyefungiwa shati moja kwa sababu za stoo ya picha amefungiwa na maisha pia, akioa leo zile picha za wanne wanakimbiza farasi pamoja zinakuwa na maelezo ya kutoa. Walijaribu, msimu wa 1963 na 1964 wakamletea mchumba, Laura, mjane mwenye mtoto, mpango ukiwa aoe aondoke kwa heshima, na wakamleta Guy Williams, yule aliyecheza Zorro, kama binamu Will wa kuchukua nafasi. Mpango ukageuka, Will ndiye akaondoka na Laura baada ya episodi tano na Adam akabaki na shati lake jeusi mwaka mwingine mzima.

Mkataba ulipoisha 1965 akaondoka, baada ya misimu sita, na mwaka huohuo alikuwa kwenye maandamano ya Selma kudai haki za Weusi. Watu wakamwona kichaa kuacha hela nyingi vile wakati kipindi ni namba moja. Na Bonanza ilichofanya ni kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Hawakumuaga. Hakuna episodi ya Adam kufunga mizigo, hakuna kumkumbatia baba yake mlangoni. Msimu mpya umeanza, wako watatu, wanataja kwamba amesafiri huko ng'ambo, tunaendelea. Sizoni sita! Mtoto mkubwa wa nyumba, amechora nyumba yenyewe, anafutwa kwa sentensi. Nguo, bastola, umbali, umri wa mama Hoss, hayo yote naweza kuyatetea kwa hela na muda. Hili siwezi, kwasababu kuandika kurasa mbili za kuagana baba na mwana hakuhitaji safari ya Tahoe wala farasi wa ziada, kungerekodiwa palepale kwenye ule uwanja wa studio kwa saa chache.

Na kwamba walijua namna ya kuomboleza tunalijua, kwasababu Dan Blocker alipofariki tarehe 13 Mei 1972, donge la damu lilimwendea mapafuni baada ya upasuaji wa kibofu cha nyongo, akiwa na miaka 43, walifanya kitu ambacho TV ya enzi ile ilikuwa haikizoei, wakasema wazi Hoss amekufa. Hawakumtuma safari, hawakumleta mtu mwingine akavaa lile likofia. Kulikuwa na skripti iliyokuwa inaandaliwa ya Hoss kuoa, Landon akaigeuza ikawa ya Joe, ikapewa jina Forever, akaiandika na kuidairekti mwenyewe, saa mbili nzima, ikaonyeshwa 12 Septemba 1972. Joe anaoa, mke anauawa, Joe analia. Wewe unayejua kilichotokea Mei unajua anamlilia nani. Kuna mahali anamtaja kaka yake na uso wa Landon pale hauigizi.

Kipindi chenyewe hakikudumu baada ya hapo. Kilishahamishiwa Jumanne, watazamaji wakapungua, na tarehe 16 Januari 1973 ikatoka ya mwisho, jumla episodi 431 kwa misimu 14. Kwenye stesheni kubwa za kitaifa za TV ya Marekani, ni Gunsmoke tu ndio ya makaboi iliyoishi zaidi.

Roberts yeye alirudi kwenye TV 1979 akacheza daktari kwenye Trapper John, M.D. mpaka 1986, misimu saba, kipara wazi bila wigi, ndevu, na amevaa nguo tofauti. Aliishi kuliko wenzake wote watatu waliokuwa wanatokea naye kwenye farasi baada ya ile ramani, Greene alifariki 1987, Landon 1991, yeye Januari 2010. Kama hujawahi kumuona Adam akicheza na moyo wake wote usianze na hizi za mwishoni amechoka, anza na sizoni ya 1 na ya 2 kabla nguo hazijafungwa, pale bado anabadilisha shati na bado anaamini hadithi inamwendea mahali.